Aliyemwita Mama

Fundi simu alikuwa na maneno, hilo tumpe. Kila Jumamosi aliwakusanya majirani kwenye darasa la shule, akawafundisha jinsi matapeli wa mtandaoni wanavyomwingia mtu: kwanza wanakuvisha kilemba cha ukoka, halafu wanakuharakisha, mwisho wanakwambia usimwambie mtu. Watu waliuliza, walicheka, wengine wakakiri kwamba wameshalizwa. Siku hiyo akawaambia: meseji ikidai imetoka kwa ndugu yako, tafuta neno ambalo ndugu yako hasemi. Wakampigia makofi. Dada yake, mshonaji, alikaa nyuma kabisa na hakupiga.

Jioni mteja mmoja akamwambia fundi kuwa dada yake anauza cherehani. Moyo ukamlipuka. Cherehani ile ndiyo iliyomsomesha yeye. Bila hiyo dada angekula nini? Akafunga kibanda mbiombio, akamkuta anaifuta vumbi, mnunuzi anakuja kesho asubuhi. Wala hakuficha. Mwanawe, yule aliyekwenda ng'ambo kutafuta kazi akaingia mitini hata salamu hana, sasa alikuwa anaandika. Kakamatwa huko, anataka nauli ya kurudi, na mtu yeyote asiambiwe.

Jamani! Fundi alitaka kupasuka. Watu baki anawaokoa, na wa tumbo moja anaibiwa mchana kweupe. Akaomba simu, akasoma amesimama. Meseji zilikuwa nyingi, tena za upole: Mama umekula? Mama, mgongo bado unauma? Mama usichelewe kulala. Fundi akacheka kicheko kikavu, maana neno lenyewe alikuwa ameshalipata.

Mtoto yule alilelewa kwa bibi yake, nyumba moja na fundi, wakati fundi mwenyewe bado mdogo. Alimsikia fundi, mjomba wake, akimwita mama yake "dada", naye akadaka hivyo hivyo. Watu wakacheka, wakasema ataacha akikua. Hakuacha. Aliota ndevu, na mama yake mzazi bado ni "dada".

"Dada, huyu siye," fundi akasema. "Mwanao hajakuita mama hata siku moja."

Mshonaji aliendelea kufuta.

"Nilijua tangu meseji ya kwanza. Nililisoma neno hilo, nikajua. Ndiyo maana nikajibu."

Fundi akakaa sakafuni. Katika masomo yake yote hakuna hata moja lililomhusu mtu anayejua. Kile kicheko kilimtia aibu. Alitaka kumwambia kwamba mtoto anampenda, lakini hata uhai wa mtoto hakuwa na hakika nao.

"Sasa cherehani unaiuzia nini?" akauliza.

"Wasipopata hela wataacha kuandika."

Hapo dada alilia, na hakujificha. Alilia mpaka akatulia mwenyewe, akajifuta kwa kitambaa kile kile cha vumbi. Akasema mnunuzi aambiwe asije.

"Ifungie hiyo namba," akamwambia mdogo wake. "Mimi mkono hautanitii. Lakini kwanza nisomee. Ile ya kwanza tu, kwa sauti."

Fundi akajikaza kisabuni, akaitafuta.

"Mama," akasoma.

Mshonaji alikuwa amefumba macho.

"Naam, mwanangu," akaitikia.

Fundi akaifungia namba.