Siku Batoul Alipotia Komeo

Aprili 1999, wajumbe wa Anzuani walipokataa kutia saini mapatano ya kuviunganisha visiwa vya Komoro, vijana wa mji mkuu, Moroni, waliingia mitaani kuwasaka Waanzuani. Waliwateremsha watu kwenye teksi na kuwasemesha, na lafudhi iliwafichua.

Batoul, mshonaji wa mtaa wa Magoudjou, alikuwa Mngazija, mwenyeji wa kisiwa kile kile cha Moroni. Lafudhi yake haikumtia hofu. Hofu yake ilikuwa Biblia aliyoificha chini ya vitambaa, maana katika nchi ile ya Waislamu alimwamini Kristo na hakuna aliyejua, ila Zouhoura, muuguzi kutoka Mutsamudu, Anzuani, mwamini mwenzake. Kila Jumapili walijifungia chumbani wakasali kwa kunong'ona. Jumapili ile Zouhoura alilia kwa wasiwasi, Batoul akamwambia, "Mungu ndiye kimbilio letu. Likikufika jambo, njoo kwangu."

Jumatano adhuhuri likamfika. Alikuja mbio, miguu mitupu, akagonga.

"Batoul, ni mimi. Wananifuata."

Mkono wa Batoul ulikuwa tayari kwenye komeo. Wakiingia watapekua, alifikiri. Wataiona Biblia.

"Nenda kwingine, ndugu yangu," alisema bila kufungua. "Nitakuombea."

Kisha Zouhoura akasema, "Haya," akaondoka.

Kwenye ufa wa dirisha Batoul aliona Mwalimu Bourhane, mwalimu wa Kurani wa nyumba ya pili, akimwingiza Zouhoura kwake. Mzee akaketi kizingitini. Vijana walipofika aliwaambia, "Huyu ni mgeni wangu. Anayemtaka apite juu yangu." Wengi wao aliwafundisha yeye alifu na bee. Wakasimama, wakatazamana, wakaenda zao.

Siku ya tatu Zouhoura alirudi Mutsamudu kwa meli. Batoul hakwenda bandarini kumuaga. Tangu hapo kusali kulimshinda: kila alipopiga magoti alisikia sauti yake mwenyewe ikisema "nitakuombea," akainuka. Mwalimu Bourhane alipomsalimu njiani, aliitikia huku akitazama chini.

Julai Batoul akapanda meli ya Anzuani. Hakujua kama yeye Mngazija ataruhusiwa kushuka Mutsamudu, wala kama Zouhoura atakubali kumwona. Katikati ya bahari alisali kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu: "Bwana, sijui litakalokuwa. Nishike tu."

Alimkuta Zouhoura mtaa wa Hombo, kwenye ua wa mama yake, akianika shuka.

"Umefuata nini?" Zouhoura aliuliza.

"Nimekuja kusema nilikufungia mlango. Nilikuambia Mungu ni kimbilio, nami nikatumainia komeo."

"Nilikuchukia njia nzima baharini."

"Najua."

"Hujui. Hata sasa haijaisha."

Batoul aliinamisha kichwa.

Zouhoura alimaliza kuanika. "Mama yumo ndani. Sikumwambia habari za mlango ule. Wewe ni rafiki yangu wa Moroni, basi. Ingia ule."

Batoul alikula, mama wa watu akimwongezea wali na kumshukuru kwa kumtunza binti yake ugenini.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Walijifungia chumba cha uani, Zouhoura akaanza Baba Yetu. Alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" alinyamaza kwa muda mrefu. Batoul hakumsaidia kuendelea. Aliona hana haki. Alingoja hadi Zouhoura alipovuta pumzi na kuumalizia ule mstari kwa sauti ya chini: "kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea."