Mjozi wa Mkurugenzi

Jumatatu asubuhi Bi Donka, katibu muhtasi wa mkurugenzi wa hospitali yetu, aliingia na kahawa akakuta kiti cha bosi kimechipua. Kilikuwa kiti cha mbao za mjozi, mti uzaao jozi, kokwa zile za ganda gumu, cha tangu enzi za mababu, na jani la kwanza lilikuwa limetokeza kando ya kiwiko cha mkurugenzi mwenyewe, Daktari Haralampi. Bi Donka aliweka kahawa mezani, akaenda kuleta maji ya kumwagilia.

Tangu maradhi ya mapafu yaingie mji wetu huu chini ya milima ya Balkan, mkurugenzi hakuwa ameinuka pale. Alituongoza kwa kipaza sauti: tutulie, tunawe mikono, yeye yuko kazini. Na kweli alikuwepo. Mtu akikaa mahali hivyo, mizizi haikosi.

Mizizi ilitoboa sakafu, ikashuka ghorofa kwa ghorofa mpaka darini mwa korido ya chini, walikolala wagonjwa kwa kukosa vitanda. Wauguzi wakaitumia kutundikia dripu za wagonjwa. Ilifaa sana.

Mwisho wa korido hiyo upo mlango wa jengo jipya. Ndani mna vitanda arobaini na bomba la oksijeni kwa kila kitanda. Mlango ulifungwa, na utepe mwekundu ukatandwa mbele yake, ukimngoja waziri aje akate. Aliyelala karibu kabisa na mlango huo ni Mzee Trifon, fundi vigae, aliyetandika sakafu ya humo ndani. Binti yake, Daktari Zlatina, ndiye mkuu wa wodi.

"Mwanangu," mzee aliuliza kila alipopata pumzi, "wamefungua?"

"Bado, Baba. Usiongee."

"Mwambie huyo bosi wako niliweka vigae vya kukanyagwa, si vya kutazamwa."

Zlatina alipanda juu, akainama chini ya matawi.

"Mkurugenzi, naomba ufunguo. Baba yangu anakata roho."

"Pole sana, Daktari. Nami naumia, Mungu shahidi. Lakini nikifungua leo, waziri atakata nini? Tungoje. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

"Chombo kipi? Watu wanazama huko chini, na wewe umeota majani!"

"Ndiyo maana sishuki," alisema kwa upole. "Nikishuka, hapa atabaki nani?"

Hata hivyo alijipapasa mfukoni, pengine kwa nia njema. Gome lilikuwa limeshaufunika mfuko, na ufunguo ndani yake. Zlatina aliliparura mpaka kucha zikatoka damu, Bi Donka akimsihi asiuumize mti.

Mzee Trifon alifariki Alhamisi Kuu, siku tunayopaka mayai ya Pasaka rangi nyekundu. Zlatina alilia amekaa sakafuni, kisha akaitwa kwa mgonjwa mwingine. Juu ofisini, kwa kila aliyefia koridoni, kokwa moja ya jozi ilitunga tawini.

Waziri alikuja majira ya vuli. Gome likajifungua lenyewe, taratibu, ufunguo ukatoka. Utepe ulikatwa. Kisha waziri akapanda ofisini, akatundika nishani tawini, akasema kiongozi ni yule asiyekimbia kiti chake wakati wa dhiki. Tulipiga makofi. Jioni jengo likafungwa tena, vigae visije vikachafuka kabla ya ugeni mwingine.

Kila mfanyakazi alipewa kokwa moja. Kwetu, mkesha wa Krismasi, kila mtu hupasua jozi yake: kiini kikiwa kizima, mwaka utakuwa wa afya, kikiwa cheusi, Mungu apishie mbali.

Zlatina aliipasulia yake koridoni, maana maradhi yalikuwa yamerudi naye yuko zamu. Haikuwa na kiini. Ilitoka pumzi tu, yenye uvuguvugu, ikinukia saruji na tumbaku.

"Mwanangu, wamefungua?"

Zlatina aliutazama mlango. Walikuwa wameshatanda utepe mpya.

"Wamefungua, Baba," alisema. "Watu wanavikanyaga vigae vyako, we acha tu."

Pumzi ikatulia. Zlatina aliokota maganda akayatia mfukoni mwa koti, kisha akanyoosha mkono kwenye mzizi, kumtundikia dripu bibi aliyelala pale alipokuwa baba yake.