Amina ya Kasuku

Mama mkwe wangu haoni. Anaishi kwa masikio. Alipohamia kwetu Kitengela baada ya kumzika mumewe, alikuja na tundu la kasuku wawili wadogo waliofugwa na marehemu. Kila tulipomaliza maombi tukasema "Amina," kasuku walipiga kelele, naye Mama akacheka. Saa nyingine yoyote hakucheka.

Baridi ya Julai huku Kitengela haina huruma. Wanyama, mume wangu, alitaka tuingize jiko la makaa sebuleni, nikamwambia kama anatafuta mazishi mengine aseme. Nikaenda kwa daktari wa mifugo kuuliza hita gani haidhuru ndege.

"Usinunue ile imepakwa dawa ya kuzuia kunata, kama sufuria za siku hizi," akaniambia. "Ikipata moto inatoa hewa mbaya. Wewe unaweza kuumwa na kichwa tu. Ndege atakufa."

Nikanunua ya stima yenye mafuta ndani, nzito kama gunia la mahindi na sura mbaya kama deni. Wanyama alinicheka, nikamwacha acheke.

Jumapili moja alasiri, akina mama wa kanisa walikuja kumwombea Mama. Muthoki, kiongozi wao, alileta zawadi: hita nyembamba, inayong'aa. Nilisoma katoni. Ilikuwa imepakwa dawa ileile, na walioitengeneza wameiandika kwa majigambo.

Sasa, kwetu zawadi haifichwi chumbani. Huvaliwa, huliwa au huwashwa mbele ya aliyeileta, la sivyo umemtukana. Wanyama alishaichomeka kwenye stima kabla sijafungua mdomo.

Nikanyanyua tundu. Mama akasikia vyuma vikigongana.

"Naliaka, unawapeleka wapi?"

"Jikoni, Mama. Hii hita ni mbaya kwa ndege."

Muthoki akanuna. Wanyama akaninong'oneza, "Wacha kutuaibisha mbele ya wageni."

"Walete hapa," Mama akasema. "Sasa nani ataniitikia Amina?" Akalipakata tundu, akalizungushia shuka lake wasipigwe na baridi.

Nilifungua dirisha. Mgeni mmoja akalifunga, eti Mama atashikwa na nimonia. Nilitamani kuwafukuza wote, na chai yao wasinywe.

Muthoki akaanza kuomba. Aliombea taifa, akaombea stima isipotee, akaombea hata ulimi wangu upoe. Macho yangu yalikuwa wazi. Waya za hita zilikuwa nyekundu, na sebule ikanuka kama kitu kipya kilichotolewa kwenye nailoni. Kasuku walikuwa wakikwaruza chini ya shuka. Halafu nikasikia kitu chepesi kikianguka, na baada yake kingine.

Sikungoja tena. Nilichomoa waya, nikafungua mlango na madirisha yote, upepo ukaingia na vumbi lake. Muthoki akakatiza maombi kwa hasira: "Kwa jina la Yesu!"

"Amina," wakasema wote.

Nilifunua shuka kwenye mapaja ya Mama. Wanyama alisimama, akaona nilichokiona, akashika mdomo.

Mama alikuwa ameinamisha sikio, tayari anatabasamu. Akangoja.

"Amina," akarudia kwa sauti ya juu kidogo, akigonga tundu kwa kidole.