Mama Mkwe wa Shimo la Saba

Baba, mkata nyasi kabla yangu, ndiye aliyelipanga shimo la saba la uwanja wa gofu, kwa kamba na vigingi, akitembea msituni. Alipofika kwenye mti mkubwa hakuukata. Aliipinda njia ya nyasi kama kiwiko, akauita mti Mama Mkwe, maana mbele yake hupiti kifua mbele. Siku hizi miguu imemchoka, yuko nyumbani, na nikirudi kazini huuliza kwanza habari za Mama Mkwe, ndipo aulize zangu. Nimeshazoea.

Basi mwenyekiti wa klabu akaniamuru niukate. Tangu uwanja ufunguliwe mpira wake hugonga shina lile, na lawama zote kaubebesha mti. Nilichukia sana. Ningemwambia nini baba?

Mimi sichezi gofu, nakata nyasi. Lakini anayefukia kwa mchanga vishimo vinavyochimbwa na fimbo za kupigia kila asubuhi anazijua siri za wachezaji wote. Pale wazuri wanaposimama kupiga mara ya pili ni sehemu moja tu, kushoto, karibu na pa kuanzia kuliko unavyodhani. Mwenyekiti hajawahi kuacha kishimo hapo hata kimoja.

Nikamfuata na msumeno mkononi, nikamwomba auage mti kwa mchezo mmoja, ila mpira aulenge nilipochomeka kijiti.

"Pale? Si hata nusu ya njia."

"Mzee, leo ni kuaga tu. Ukikosa, nawasha msumeno."

Akachukua fimbo fupi, kanuna. Mpira ukatua karibu na kijiti, na kutoka pale bendera ya shimo ilionekana peupe kabisa, Mama Mkwe yuko pembeni katulia zake. Pigo la pili likafika karibu na shimo, mawili madogo yakamaliza. Mapigo manne, idadi ile ile inayotakiwa kwenye kibao cha shimo. Mtu mzima yule aliukumbatia mti, kisha akanionya kwamba atakayeugusa hana kazi. Nikaitikia kwa adabu zote.

Jioni baba akauliza habari za Mama Mkwe. Nikamsimulia yote, hata msumeno. Akafuta macho, halafu akaanza kucheka, na mimi nikacheka kwa furaha ya kumwona anacheka.

"Siku ya ufunguzi nilimwambia apige fupi," akasema. "Akaniuliza mkata nyasi anajua nini."