Mgeni Aliyeniamkia

Jana Jumapili niliota, tena mchana kweupe. Nilikuwa nimejilaza mkekani baada ya kula, simu nimemwachia binti yangu Salha, wa miaka kumi na moja, ili atulie chumbani kwake nipate usingizi.

Kwenye ndoto mlango wetu wa mbele una komeo na kufuli mbili. Kwa kufunga milango hamniwezi. Hodi inasikika kutoka chumbani kwa Salha.

"Karibu," nasema, mdomo umeshazoea. Wala siulizi ni nani.

Anatoka mwanamume mtu mzima, ana mvi kidevuni, amevaa sketi ya shule na soksi nyeupe alizozivuta hadi magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Naitwa Leah, nasoma na Salha."

Na mimi, mjinga wa kutupwa, namvutia kiti.

Simu yangu inaingia, imejifunga khanga, imembeba Salha mgongoni. "Mama Salha," inasema, "huyo si mtoto."

"Sasa kwa nini umemfungulia?"

"Si umesema karibu? Mimi nikisikia karibu nafungua. Ulinikabidhi mtoto, hukuniambia hata siku moja nani asiingie."

"Huna akili ya kujua mwenyewe?"

"Sina," inajibu, wala haioni aibu.

Yule mgeni anamuuliza Salha kama anaweza kutunza siri. Salha anaitikia kwa kichwa. Basi anatoa siri mfukoni, kubwa kama yai la bata, anamtia mdomoni. Anatoa ya pili. Mashavu ya mtoto yamevimba, machozi yanamtoka, na kuita hawezi.

"Salha, tema!"

Hatemi. Ananitazama kwa woga, na Mungu wangu, anayeogopwa ni mimi.

"Anajua utamchapa," simu inasema, "halafu mimi utanifungia kabatini."

Hapo chumba kimeshakuwa geti la shule. Mgeni amemshika Salha mkono. Nataka kumrukia, naye anageuka kwa adabu zake zote. "Shikamoo, mama." Shikamoo haikataliwi. "Marahaba," nasema, na wao wameshafika barabarani. "Shikamoo, mama." "Marahaba." Wako kwenye kona. Naung'ata ulimi mpaka unatoa damu, na bado naitikia.

Nikashtuka, jasho linanitiririka, nikaenda moja kwa moja chumbani. Salha alikuwa amekaa kitandani, simu mapajani.

"Unaongea na nani?"

"Leah."

"Leah yupi? Darasani kwenu kuna Leah?"

Akatikisa kichwa. Mkono wangu ulishanyanyuka. Nikaushusha, nikakaa kando yake. "Wallahi sikupigi, na simu sikunyang'anyi. Niambie tu, mama."

Akaangua kilio. "Amesema kesho nimfuate nje ya geti la shule. Amesema nisikwambie."

Simu ikatetema mapajani mwake. Ujumbe ulikuwa wa Leah, tukausoma wote wawili: "Bado amelala?"