Msalaba Nyuma ya Micah

...akiuachia tu, si lazima hata asukume, aondoe bega basi, mteremko utamaliza mengine, maana Micah yuko mbele, kainama chini ya mikono ya msalaba, na barabara ya Elburgon hapa inashuka hadi getini kwa kiwanda cha mbao, matope ya mvua ya jana, mti utamtelezea mgongoni aende kifudifudi, na watu watasema maskini Chepkirui, mjane wa watu, mikono haina nguvu... nani aliwapanga pamoja, si mwenyekiti wa jumuiya, eti kituo cha tisa cha Njia ya Msalaba Micah mbele, Chepkirui nyuma, akasoma majina kama anayegawa sukari, na kila mwaka ni hivyo hivyo, mti wa saiprasi unakatwa Jumatano ungali na maji, mkavu hawautaki, ukiwa mwepesi si Ijumaa Kuu, wanasema, haya, uzito ndio huu, utomvu umegandisha shali begani, harufu ile ile aliyokuwa akirudi nayo Kemboi kila jioni, nywele zimejaa vumbi la mbao, mpaka ile Jumanne mume wake akarudishwa ndani ya blanketi... na huyu, huyu mwenye shingo nene, fomeni wao kiwandani, ndiye aliyefungua kava inayokinga meno ya msumeno ili kazi iende mbio, kisha akawaambia polisi Kemboi alikuwa amelewa, Kemboi, ambaye hata pombe ya busaa harusini alikuwa akimpitishia jirani, mlevi, imeandikwa, watoto wake wanatupiwa neno hilo shuleni. "Yesu anaanguka mara ya tatu," katekista anasoma, watu wanapiga magoti matopeni, wabebaji hubaki wamesimama, na sasa anaeleza kwamba hata pale msalabani Yesu aliwaombea waliomuua, kwa kuwa hawakujua, sawa, wale hawakujua, askari wa kutumwa tu, lakini Micah alijua, alishika spana kwa mkono wake, sala ile haimhusu, na kama damu ilimwagika kwa ajili ya huyu pia, basi Yesu, nani alikutuma, uliniuliza mimi, umemchukulia adhabu yake, sasa mimi nimshike wapi... acha, Chepkirui, uachie sasa, vidole vinalegea vyenyewe, kimoja, kingine... wameitoa kava, Kemboi alisema asubuhi ile, kikombe mkononi, leo roho yangu inakataa, na yeye akamjibu nini, akamjibu unga umeisha, Kemboi, nenda tu, utajichunga... nenda tu. Alijua. Yeye pia alijua. Miaka miwili hajamwambia mtu, hata padri, kila akili ikifika hapo humtafuta Micah mbio, hujificha nyuma yake kama sasa hivi, na kama sala ile ni ya wasiojua peke yao basi imempita yeye pia, wamesimama wawili chini ya mti mmoja, hawana pengine pa kwenda, Mungu wangu, na huyu, kati ya watu wote, huyu. Hajamsamehe, mtu asidanganyike, angali anataka polisi waandike upya, angali angependa kumwona matopeni. "Mama, uko sawa huko nyuma?" Micah anauliza bila kugeuka, ameusikia mti ukitikisika begani, na watu wangali magotini, na mteremko ni ule ule. Vidole vyake vinaubana mti.

"Wewe shika hapo mbele," anamwambia. "Mimi nimeshika."