Nusu Sauti kwa Kila Alhamisi

Uchaguzi wa nyimbo ulikwenda upesi kuliko Kolotita alivyotazamia. Jumatatu hiyo Lusia, bibi arusi wa Paulo, alifika nyumbani kwake pamoja na mama yake, Selafina. Wakaketi mkekani, wakanywa kakao, kisha Lusia akatoa simu na kumsikilizisha wimbo wa mapenzi aliotaka uwaingize kanisani.

Kolotita aliusikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amepiga kinanda cha kanisa la kijiji chao, kisiwani Savai'i huko Samoa, kwa miaka arobaini, na kila bibi arusi alikuja na wimbo wa namna hiyo.

"Mzuri," alisema. "Mungu yumo wapi?"

"Hayumo, bibi."

"Basi utapigwa kwenye karamu. Padri naye atakuuliza hivyohivyo, ila yeye hatausifu kwanza."

Lusia akacheka, akaizima simu. Wakachagua wimbo wa kuingia, wa sadaka na wa komunyo. Ukabaki mmoja, ule wa Mama Maria, unaoimbwa maharusi wanapopeleka maua mbele ya sanamu yake. Hapo Selafina akaanza kukusanya vikombe.

Wimbo huo ulikuwa wa Selafina. Aliuimba peke yake katika kila ndoa ya kijiji kwa miaka ishirini na sita, kwaya ikivumisha nyuma yake kwa midomo iliyofungwa. Lakini mwaka uliopita alipasuliwa rovu shingoni huko mjini Apia, na siku ya Pasaka alipofika pale wimbo unapopanda juu, sauti ilikatika. Watoto wa benchi la mbele wakacheka. Akamalizia kwa kunong'ona, na tangu siku hiyo hakuimba tena peke yake.

"Huo tuuache kwanza," alisema Kolotita.

Jioni Lusia alirudi bila mama yake.

"Bibi, mwambie wewe kwamba kwaya nzima itauimba. Nikimwambia mimi atadhani namwonea aibu."

"Na humwonei?"

"Namwonea uchungu. Ndugu zake Paulo watajaa humo, wote kutoka kisiwa cha Upolu. Wakimcheka nitafanyaje mimi, na shela kichwani?"

Asubuhi yake akaja Selafina na shelisheli la kuchoma, lingali moto. Alizungumza habari za mvua, akazungumza habari za nguruwe wa jirani, hata akafika alikokuwa akienda.

"Mama, najua Lusia alikuja hapa. Huyo ndiye mtoto wangu wa pekee. Nimewaimbia mabinti wa watu wote."

Kolotita aliwajibu wote wawili jibu moja: mazoezi ni Alhamisi, tutaona.

Dawa aliijua, nayo ni kuushusha wimbo, uanzie sauti ya chini zaidi. Lakini kuushusha mbele ya kwaya nzima ni kumtangaza Selafina kuwa hawezi. Alhamisi zilikuwa tatu kabla ya arusi. Akaamua kuushusha nusu sauti, yaani kibao kimoja cha kinanda, kila Alhamisi, kidogokidogo, asimwambie mtu.

Kazi ilikuwa kwenye vidole. Kolotita hakusoma noti. Alipiga kwa sikio, na mikono yake iliujua wimbo ule kwa njia moja tu. Basi kila adhuhuri, watu wakiwa wamelala, alikwenda kanisani peke yake, akakanyaga pedali na kujifunza upya kama mtoto. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba. Alivipaka mafuta ya nazi, akaendelea.

Alhamisi ya kwanza sauti ya Selafina ilikwaruza pale juu. Ya pili ilipita, kwa shida. Baada ya mazoezi Setefano, mwimbaji wa besi, ile sauti ya chini kabisa, na mdogo wa marehemu mume wa Kolotita, akakisogelea kinanda.

"Shemeji, leo nimegusa sakafu. Wiki ijayo nije na jembe?"

"Njoo nalo."

Setefano akafungua kinywa aendelee na mzaha, kisha akamwona Selafina kule mlangoni, akiwachekesha wanawake wenzake kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Akakifunga kinywa. Alhamisi ya tatu aliwakusanya waimbaji wa besi kabla ya wengine kufika, akawaambia wavumishe taratibu, na mwenye malalamiko amletee yeye. Wiki hiyo wimbo ulikuwa umeangukia kwenye vibao vyeusi, vigumu kuliko vyote kwa vidole vyake.

Siku ya ndoa Kolotita alikosea mara moja, mwanzoni kabisa, kidole kikateleza. Selafina akageuka kumtazama. Akaitazama mikono yake juu ya vile vibao vyeusi, ambapo wimbo huo haukupigwa zamani, halafu akaanza kuimba.

Haikuwa sauti ya zamani. Ilikuwa nzito zaidi, yenye ukavu kidogo. Ilipofika pale juu ikakaa. Lusia alisimama mbele ya sanamu na maua mkononi, akasahau kuyaweka mpaka wimbo ukaisha, na padri akamngojea bila kumhimiza.

Kwenye karamu Selafina alimletea Kolotita sahani kabla ya wageni wa Upolu, akaketi karibu naye.

"Mama, kinanda chako kimezeeka. Naona sauti yake imeshuka."

"Kimezeeka kweli. Kivumilie tu."

"Nitakivumilia," alisema Selafina. Akalivuta lile gimbi lililokuwa sahanini, akalimega vipande vidogovidogo ili vidole vya Kolotita visipate taabu, akamsogezea.